Jinsi ya kudizaini jiko la mkaa ambalo mpishi atalikubali, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Kuna vijana wengi, hasa wa vyuo vya ufundi na wale wa klabu za sayansi sekondari, wananiuliza nikitaka kubuni kitu naanzia wapi, na wengi wakishauliza tu hapohapo wanafungua daftari wanaanza kuchora. Mi nataka niwaonyeshe njia nzima kwa kitu kimoja tu ambacho kila mtu anakijua, jiko la mkaa. Nimechagua jiko kwa sababu vifaa vyake viko mtaani, hauhitaji maabara, alafu ni kitu ambacho ukikikosea kuna mtu ataumia asubuhi, mchana na jioni, kila siku ya Mungu. Hatua hizi hizi utazitumia hata ukibuni pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi.

Hatua ya 1: Nenda jikoni ukae, usichore chochote

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayoua kazi nyingi. Jiko langu la kwanza nililotengeneza kwa akili zangu mwenyewe nilimpelekea dada mmoja mama lishe jirani na banda letu. Lilikuwa refu, jembamba, mkaa linakula kidogo kweli, nilikuwa nimelipima kwa maji na nimefurahi sana. Siku ya tatu karudisha. Hakugomba wala nini, akaniambia tu kaka angu, hili jiko linanikimbia. Nikamwomba nikae nimwangalie anapika kwenye lile la zamani na hapo ndo nikaona. Ugali wa watu thelathini ukianza kukaza yeye anasimama, anainama, mkono mmoja umeshika sikio la sufuria na kitambaa, mwingine mwiko, anasukuma na uzito wote wa mwili, na jiko la bati lake la zamani japo limeoza limekaa chini kama limepigwa msumari kwa sababu kitako ni kipana. Langu lilikuwa na kitako sawa na mdomo. Mi nilikuwa nimechemsha maji, maji hayasongwi.

Kwahiyo kaa jikoni siku mbili tatu, saidia hata kumenya vitunguu ili usiwe mzigo, na uangalie haya. Sufuria zake ni za ukubwa gani na ipi anaitumia muda mrefu zaidi (mara nyingi ni ya maharage). Moto anauwashaje, kwa vijiti, kwa mafuta ya taa, kwa kuazima kaa la jirani, au kwa kuchoma mfuko wa nailoni. Nani anawasha, maana kama ni mtoto wa darasa la nne basi jiko lako mtoto ndo mtumiaji wako. Upepo unatokea wapi. Majivu yanamwagwa wapi na mara ngapi. Jiko linabebwa likiwa la moto au linakaa sehemu moja. Na likishamaliza kupika anafanya nini na makaa yaliyobaki, wengi wanayafukia kwenye majivu au wanayatia kwenye kopo lenye mfuniko ili kesho yatumike.

Ukiuliza kuhusu mkaa usiulize kilo, hakuna anayepika kwa kilo. Uliza unanunua wa shilingi ngapi kwa siku, visado vingapi, gunia linakaa siku ngapi. Baadae we mwenyewe kapime kisado cha mtaa huo kwenye mzani, na upime zaidi ya kimoja maana havilingani.

Hatua ya 2: Andika tatizo kwa sentensi moja yenye namba

"Nataka jiko linalobana mkaa" hiyo bado sio kazi, ni hamu. Andika hivi: mama lishe anayepika maharage na ugali wa watu 30 atumie visado viwili pale alipokuwa anatumia vitatu, jiko lisiyumbe akisonga, likae angalau mwaka mmoja, na bei yake isizidi pesa anayotumia kununua mkaa wa wiki mbili. Hapo sasa una kitu ambacho mtu mwingine anaweza kuja kukuambia umefaulu au umefeli.

Gawa mambo yako mafungu mawili. Kuna masharti, yale ambayo likikosa hata moja jiko halifai, mfano kutoyumba, na mkono wa kubebea usiunguze. Alafu kuna vya kupendeza, kama rangi na miguu ya urembo. Pesa ikipungua, na itapungua, utajua ukate wapi.

Hatua ya 3: Jifunze kwa waliotangulia

Usione aibu kuchukua wazo la mwenzio ukaliboresha, hivyo ndo vitu vizuri vingi vimepatikana. Chukua mfano wa lile jiko lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, ambalo leo ukienda soko lolote kuanzia Nairobi mpaka Mwanza mpaka Kigali unalikuta. Lile lilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 80. Mwaka 1981 kulikuwa na mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa Nairobi kuhusu nishati jadidifu, na baada ya hapo kazi ya kutafuta jiko bora ikashika kasi, wizara ya nishati, mashirika na wabunifu kama Maxwell Kinyanjui wakiwa ndani yake. Wazo la kuweka udongo ndani walilitoa Thailand ambako walikuwa na jiko la umbo la ndoo lililojazwa udongo wa kuchomwa kuanzia juu mpaka chini.

Sasa angalia walivyofanya. Ile ndoo ya Thailand ilivyo haikukubali hapa. Nzito, na umbo lake halikutulia kwenye kusonga, na udongo ulikuwa unapasuka. Wakabadilisha umbo likawa na kiuno katikati, juu pana pa kukalia sufuria, chini pana pa kusimamia, na udongo ukawekwa nusu ya juu tu pale moto unapokaa. Kwa kubana kiuno wamepata vitu vitatu kwa mpigo: uzito umepungua, jiko limetulia, na kile chungu cha ndani kimepata sehemu ya kukaa bila kudondoka. Nikiliangalia huwa naona mtu ameshamwona mama anasonga ugali kabla hajakata bati.

Na hawakujenga kiwanda kimoja kikubwa. Bati lilikatwa na mafundi wa jua kali, yani mafundi wadogo wa mtaani, kama wale wa Shauri Moyo Nairobi, vyungu vya ndani vikafinyangwa na wafinyanzi, kila mtu kazi yake. Mwanzoni bei ilikuwa kama dola 15 hivi, watengenezaji walivyoongezeka ikashuka mpaka dola 2 au 3, na kufikia katikati ya miaka ya 90 majiko zaidi ya laki saba yalikuwa yanatumika Kenya. Tanzania tukapata ndugu yake, jiko bora.

Hatua ya 4: Elewa moto unapotelea wapi, alafu chora angalau michoro mitatu

Kaa mbele ya jiko la bati tupu lililowaka na usogeze mkono pembeni yake, usiguse. Ule moto unaokuchoma kiganjani ni mkaa wa yule mama unaondoka bure, hela yake inapasha hewa ya uani. Bati linapitisha joto haraka sana. Udongo wa kuchomwa unalipitisha polepole, kwahiyo joto linabaki kwa makaa na kwenye sufuria, na pia jiko likigongwa na mguu wa mtoto haliunguzi kama bati tupu.

Kuna sehemu nyingine mbili za kuangalia. Ya kwanza ni nafasi kati ya makaa na kitako cha sufuria, ikiwa kubwa joto linatoroka pembeni, ikiwa ndogo sana moto unakosa pumzi. Ya pili ni mlango wa chini wa hewa, huo ndo usukani wa jiko. Maharage yakishachemka yanataka moto mdogo wa muda mrefu, kama mlango haufungiki vizuri makaa yataendelea kuwaka kwa nguvu ileile na mkaa unaisha.

Ukishaelewa hayo chora. Michoro mitatu tofauti kabisa, sio mmoja uliobadilishwa miguu. Ukiwa na mmoja tu utaupenda na hutausikiliza ubaya wake. Mpelekee yule mpishi aione, na kama hazoei michoro tengeneza kwa boksi la karatasi saizi halisi uweke na sufuria yake juu, atakuambia mambo kwa dakika tano ambayo ungeyajua baada ya mwezi.

Hatua ya 5: Tengeneza sampuli ya kwanza, isiwe nzuri

Bati chukua la pipa la zamani, na ujue pipa lilibeba nini, la sumu au kemikali achana nalo. Usitumie bati la kuezekea lile jeupe, lina zinki juu na likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kwa mapafu, nimeona mafundi wanafanya na wanakohoa jioni nzima.

Udongo mfinyanzi ukiutumia peke yake unapasuka, changanya na mchanga laini au pumba za mpunga zilizosagika, kanda mpaka usiwe na mapovu ya hewa, finyanga, toboa matundu ya chini ya kudondoshea majivu ukiwa bado mbichi. Alafu subira. Kausha kivulini wiki mbili hivi, jua kali linakausha nje kabla ya ndani na hapo nyufa zinaanza. Kikikauka choma kwenye tanuru mpaka kiwe chekundu cha moto kabisa, kikipoa kigonge na kidole: kikilia kama kengele kimeiva, kikitoa sauti ya kitu kilichooza kina ufa hata kama huuoni.

Kukishikiza kwenye bati, Kenya wanatumia saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, ni madini mepesi yanayozuia joto. Ukikosa, saruji na majivu yaliyochekechwa vinasaidia. Usiwashe jiko siku hiyohiyo wala kesho yake. Acha siku kadhaa maana maji yaliyobaki kwenye saruji yakipata moto yanageuka mvuke na yanakipasua chungu chako ulichokisubiri wiki mbili.

Hatua ya 6: Pima kwa mzani, usipime kwa macho

Hapa ndo tofauti ya mbunifu na mtu wa kubahatisha, kwahiyo nitakaa kidogo. Unahitaji mzani wa dijito wa jikoni, kipimajoto, saa na daftari. Fanyia nje kwenye hewa.

Siku moja kabla, washa jiko likauke vizuri. Hii wengi hawaijui, jiko lenye unyevu likipata moto linapungua uzito kwa maji yanayotoka, na we utahesabu hayo maji kama mkaa ulioungua, hesabu yote imeharibika. Siku ya kupima weka kipande cha ubao au kigae juu ya mzani ili jiko la moto lisiyeyushe plastiki (mzani wangu mmoja umekufa hivyo). Washa mkaa, ukishakolea pima jiko zima na mkaa wake. Weka sufuria ina lita 2 za maji, andika joto la maji na saa. Yakichemka andika dakika, alafu acha yaendelee kuchemka bila mfuniko dakika 30. Mwisho pima jiko tena, na pima maji yaliyobaki.

Kumbuka kuchemka sio nyuzi 100 kila mahali. Dar ni 100, lakini Arusha maji yanachemka kama kwenye 95 kwa sababu ya mwinuko, kwahiyo usikae unasubiri 100 haitakuja.

Hesabu yake ni hii. Tuseme maji yalianza nyuzi 25 yakafika 100, na nusu kilo imeondoka kama mvuke. Kupasha kilo 2 za maji nyuzi 75 unahitaji 2 mara 4.2 mara 75, ni kilojuli 630 (kilojuli ni kipimo cha nishati, na 4.2 ndo kilojuli za kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja). Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni kilojuli 2,260, kwahiyo nusu kilo ni 0.5 mara 2,260, kilojuli 1,130. Jumla 1,760, hiyo ndo faida uliyopata. Sasa matumizi, gramu moja ya mkaa mkavu ina kama kilojuli 29. Ikiwa jiko la bati tupu limekula gramu 300 hizo ni 8,700, gawanya 1,760 kwa 8,700 unapata kama asilimia 20. Yani katika kila visado vitano vinne vimepotea. Kama jiko lako limefanya kazi ileile kwa gramu 200, hizo ni 5,800 na ufanisi wako ni asilimia 30. Kwa macho asilimia 20 na 30 zinaonekana kama ndugu, lakini kwa mama lishe ni theluthi nzima ya hela ya mkaa inabaki kwenye kibubu.

Rudia mara tatu kwa kila jiko, mkaa wa gunia moja, sufuria ileile, upepo unaofanana. Majibu yakitofautiana sana usichague lile linalokupendeza, tafuta kwanini.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja kimoja

Ukibadilisha matundu, mlango na kimo kwa pamoja jiko likawa zuri hujui kilichosaidia, likiwa baya hujui kilichoharibu. Kimoja, pima, andika, kingine.

Hatua ya 8: Mpe mpishi alafu unyamaze

Mpelekee jiko na usimpe somo refu. Mwangalie anavyolitumia kwa akili zake mwenyewe. Akiweka sufuria kubwa kuliko uliyopanga, hiyo ni taarifa. Akiondoa mlango wa hewa kwasababu unamuunguza vidole, hiyo ni taarifa kubwa zaidi, maana ule usukani wote uliouhangaikia haupo tena. Yule dada wa kwenye hatua ya kwanza jiko la pili alilikubali, lakini mlango aliung'oa siku hiyohiyo, nikarudi nikauwekea kishikio cha ubao kinachotokeza nje na tangu hapo unafunguliwa na kufungwa. Hakunitungia ripoti, niliona tu.

Usimuulize je unalipenda, watu wetu wana heshima atakuambia zuri sana mwanangu. Muulize mkaa wa jana ulinunua wa shilingi ngapi.

Hatua ya 9: Fuatilia maisha, usifuatilie jiko peke yake

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu mafundi wengi tunaishia hatua ya 8 tunahesabu tumemaliza. Kitu ukishakiingiza kwenye nyumba ya mtu kinasogeza vitu vingine.

Kinasogeza hela, na uliza imeenda wapi. Kwa wengine inakuwa ada au dawa, kwa wengine mkaa ukishakuwa nafuu wanaanza kuchemsha na maji ya kuoga, basi matumizi yanarudi karibu na palepale ila nyumba imepata maji ya moto, hilo nalo sio baya lakini usiende kutangaza kwamba umeokoa msitu. Kinasogeza kazi za watu, mfinyanzi na fundi bati wamepata soko, muuza mkaa wa kona amepunguziwa. Na kikipendwa kitaigwa. Ilitokea kwenye lile jiko la Kenya, lilivyopata soko watu wengine wakaanza kuuza vyungu visivyoiva vizuri, vinapasuka mapema, na mnunuzi hajui kutofautisha. Mfundishe mteja wako kile kipimo cha kugonga na kidole, ni kinga yake.

Na afya. Jiko linalobana mkaa sio jiko salama ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haionekani kama moshi wa kuni, na kila msimu wa baridi kuna familia Afrika Mashariki zinalala na jiko chumbani na haziamki. Jiko lenye udongo linatunza joto muda mrefu, kwahiyo kishawishi cha kuliingiza ndani usiku kinakuwa kikubwa zaidi, hilo ni tatizo ambalo WEWE mbunifu umeliongeza na ni wajibu wako kulisema kwa kila mtu unayempa. Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 duniani, na wengi wanaoivuta ni kina mama na watoto waliokaa karibu na moto.

Ndo maana serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kuna mtu ataniuliza sasa kwanini tuhangaike na mkaa. Kwasababu mtungi wa gesi unajazwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa kisado, na mtu anayepata hela yake kwa siku ananunua kwa siku. Huo ni mpaka wa tatizo ambao mbunifu ajae wa gesi au wa umeme naye itabidi aanzie hapo, jikoni, akikaa kwenye kigoda na kuangalia pochi inavyofunguliwa.

Kwahiyo panga tarehe tatu za kurudi, baada ya wiki moja, baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Usipige simu, nenda, na nenda saa ya kupika. Angalia jiko liko wapi. Likiwa lina moto, chuchumaa uangalie chungu cha ndani kama kina ufa, mlango kama bado unafungika, matundu kama yameziba, na uandike. Ukikuta limehifadhiwa juu ya kabati limefutwa vumbi vizuri na lile la zamani ndo linachemsha maharage nje, usijitetee, omba kigoda ukae, shika kitunguu, anza kumenya.